Mteja mmoja kapewa bei mbili siku moja. Maombi ya kotesheni nyie mnayapangaje?

BintiGerezani

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana kichwa kinaniuma na bosi ameshasema Jumatatu anataka kusikia "utaratibu", na huo utaratibu wenyewe mwenye kuutoa kichwani ni mimi.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaa wa Gerezani, Dar, nondo, mabati, saruji, waya, misumari, stoo iko Vingunguti. Upande wa mauzo tupo watano, mimi ndo nimepewa usupavaiza juzijuzi bila hata kuongezwa hela ila hiyo tuiache. Maombi ya bei yanaingia kila kona, WhatsApp ya duka, WhatsApp za kila mmoja wetu, simu ya mezani, imeili ya ofisi ambayo anaifungua anayekumbuka, mafundi wanaokuja na kikaratasi, na bosi mwenyewe anayekutana na mtu msibani anakuja kesho yake anasema "yule bwana wa Goba mmeshampa kotesheni?" bwana yupi wa Goba sasa.

Wiki iliyopita ndo yakanikuta. Jumanne asubuhi fundi kamtumia mwenzangu picha ya karatasi ya daftari imekunjwakunjwa, nondo 12 pisi 280, waya roli kadhaa, saiti Kibada, anataka profoma, yaani karatasi ya bei yenye mhuri. Mwenzangu akampigia wakaelewana, fundi akaomba awekewe cha juu chake, yaani hela yake juu ya bei yetu, buku jero (1,500) kila pisi, profoma ikatoka. Mchana wa siku hiyohiyo mama mmoja akapiga simu ya mezani, anaongea taratibu kama mwalimu, anataka nondo za milimita 12 tani tatu. Nikapokea mimi, sina habari ya fundi wala ya Kibada, nikampa bei yetu ya kawaida nikamtumia profoma yake. Jioni anatokea dukani na karatasi mbili. Zote zina nembo yetu, mhuri wetu, tarehe moja. Akazilaza kaunta, akazinyoosha kwa kiganja mpaka zikalingana, akaniuliza, "Mwanangu, hapa nilikuwa naibiwa na nani, na fundi au na nyie?"

Wakuu sikuwa na jibu. Pisi 280 za nondo ya 12 ndo tani tatu hizohizo, tani moja inatoka kama pisi 93, kwaiyo oda moja imeingia kwa milango miwili na humu ndani hakuna aliyestuka. Tofauti laki nne na ishirini. Mama hakununua. Fundi nasikia kafukuzwa saiti, sasa anamporomoshea mwenzangu matusi kwenye voisi.

Hiyo ndo iliyolipuka, zipo nyingine za kimyakimya. Mtu kaomba bei Alhamisi, kila mmoja anadhani mwingine kajibu, Jumatatu anatuandikia "asanteni nimeshapata kwingine". Au wawili wanamkimbilia mteja mmoja afu wanagombana kamisheni mbele yake. Na kuna mwenzetu aliondoka mwaka jana na laini yake, akaondoka na wateja wote waliokuwa humo, mpaka leo tunawaona wakipita na mizigo ya duka la jirani.

Nyie mnapangaje? Nani anapokea, nani anajibu, mnajuaje kwamba hii tayari imeshughulikiwa? Bosi hataki kusikia mfumo wa kulipia kwa dola kila mwezi, nasema mapema.

---

mzee_wa_godauni

Huyo mama ana akili kuliko nyie wote watano, mpeni usupavaiza yeye.

---

Kaunta_Kongwe

Dada pole. Mimi nauza pampu na mabomba Mwanza, nimekaa kaunta tangu enzi za kotesheni ya kuandika kwa mkono na karatasi ya kaboni chini, na hili lako nimelipitia lote mpaka hilo la mteja kuja na karatasi mbili, kwangu zilikuwa tatu.

Kilichotuponya ni kitu cha kijinga kabisa. Namba. Ombi likiingia, iwe simu, iwe WhatsApp, iwe mtu kasimama mbele yako anatoka jasho, linapewa namba kwanza ndo mambo ya bei yafuate. Tulianza na kaunta buku la kawaida, lile jeusi lenye mgongo mwekundu, mistari imepigwa kwa rula. Namba, tarehe na saa, nani kaomba, simu yake, anataka nini, kapewa nani. Mwisho kuna nafasi ya neno moja la kilichotokea: kanunua, kakataa, kimya. Basi. Watu walicheka, wakasema tumerudi shule ya msingi.

Sasa usipoangalia wataliandika wiki moja afu litafunikwa na magazeti. Sisi tulilibana kwa mhuri. Mhuri wa kampuni anakaa nao mhasibu, na mhasibu wetu (Mungu ampe umri mrefu yule mama) profoma isiyokuwa na namba ya daftari hagongi. Unaweza kulia pale mlangoni mteja anasubiri nje na gari linawaka, hagongi. Siku tatu tu wote tukanyooka. Kwa hiyo tafuta kwenu kizuizi ni kipi, kuna mahali kila profoma lazima ipite, pale ndo uweke geti. Ukitegemea watu wakumbuke umekwisha.

La pili, anayepokea asiwe anayeuza. Sisi kila siku mmoja ana zamu ya mlango. Siku hiyo hauzi, anapokea tu, anaandika, anagawa. Usimwache akajigawia mwenyewe maana atajichagulia minofu na kuwaachia wenzake mifupa, binadamu ndo walivyo. Kwenu mko watano siku za wiki ni tano na Jumamosi mnazungushana, hesabu imekaa vizuri kabisa.

Siku hizi daftari limehamia kwenye Google Sheets ila safu ni zilezile.

---

QS_wa_vumbi

Naomba niongee kama mteja maana mimi ndo nawasumbua watu kama nyie kila siku, nafanya kwa mkandarasi wa daraja la kati.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hamlitengi: maombi hayafanani uzito. Ofisini kwetu utaratibu unataka kotesheni tatu kabla hatujatoa LPO, ile oda rasmi ya kununua. Mara nyingi tunajua tunanunua kwa nani, zile mbili nyingine ni za kusindikiza. Si jambo la kujivunia lakini ndivyo kulivyo na mnajua. Sasa nawaona wauzaji wanakaa mpaka saa mbili usiku wanapiga hesabu ya kitu cha kusindikiza, huku mtu mwenye hela mkononi kawaandikia "hiyo bei ni pamoja na kushusha?" na hakuna anayemjibu.

Wa kusindikiza utamjua. Anakutumia jedwali zima la BOQ, orodha ya vifaa vyote vya kazi na idadi yake, bila kuuliza swali lolote, haulizi mzigo upo stoo au haupo, haulizi usafiri, anataka tu iwe na TIN na mhuri na iwe leo. Anayenunua anauliza maswali ya kero. Nondo zenu uzito unafika? Lori litaingia, njia yetu ina mchanga? Mkileta Kigamboni tozo ya daraja juu ya nani? Mkipata maswali hayo achani vyote mumjibu.

Sisemi msiwape profoma wa kusindikiza, leo anasindikiza kesho yule wa kwanza kaishiwa mzigo anawageukia. Wapeni, lakini muwe na bei iliyoandaliwa tayari, dakika tano iwe imetoka. Kwenye hilo daftari la ndugu wa Mwanza ongezeni safu moja, "anahitaji lini". Mtu anayetaja siku ya kumwaga zege huyo ni wa kweli.

Na tafadhali sana andikeni kama bei ina VAT au haina. Nimewahi kupokea kotesheni mbili kutoka duka moja, wauzaji wawili tofauti, mmoja kaweka VAT ndani mwingine nje hajasema. Asilimia 18 hiyo, kwenye mzigo wa milioni kumi ni milioni moja na laki nane. Nikawaweka pembeni wote wawili maana sikujua nimwamini nani.

---

kijana_wa_mifumo

Daftari jamani 2020 na ngapi hii. Dada tafuta CRM, programu ya kufuatilia wateja, zipo za bure kwa timu ndogo, zipo ambazo mtu akikuandikia imeili ombi linafunguka lenyewe na kumwangukia muuzaji aliye na kazi chache. Kila kitu kinabaki na historia, nani kasema nini na mteja lini, mtu akiondoka haondoki na kitu. Mimi nimeweka mfumo mmojawapo, Odoo, kwa wateja kadhaa na wanafurahi.

---

Kaunta_Kongwe

Mdogo wangu sikupingi ila nikuulize, hao wateja wako waliokuwa hawaandiki kwenye daftari walianza kuandika kwenye mfumo? Bosi wetu aliwahi kununua mfumo kabla ya hilo daftari. Uliwekwa vizuri, tukafundishwa, tukapewa na chai na vitumbua. Mwezi wa pili ulikuwa na maombi manne, yote ya siku ya mafunzo, mteja anaitwa Test.

---

kijana_wa_mifumo

😂😂 mkuu huyo Test namjua, yupo kila kampuni.

Sawa nakubali, tabia kwanza. Basi niseme kitu ambacho hakina gharama. Dada WhatsApp zenu za mkononi ndo ugonjwa mkubwa. Chukueni laini moja ya kampuni, laini iwe imesajiliwa kwa jina la kampuni sio la mtu, wekeni WhatsApp Business. Hiyo akaunti inakubali simu moja kubwa na vifaa vingine vinne vya kuunganisha, jumla vitano, kama vile waliwahesabu nyie. Wote mnaona meseji zilezile. Afu kuna lebo za rangi, unamwekea mteja lebo, kuna zilizopo na unaweza kutengeneza zenu: mpya, kapewa bei, anasubiri usafiri, kalipa. Ukifungua asubuhi unaona zenye lebo ya mpya ni ngapi, zikiwa kumi ujue kuna watu kumi hawajajibiwa, hakuna cha "nilidhani fulani kajibu".

Kasoro moja kubwa, kwa mteja wote mnaonekana mtu mmoja na nyie wenyewe hamuoni nani kajibu. Kwahiyo kubalianeni kila ujumbe uishe na herufi mbili za jina. Inaonekana kitoto ila siku ya ugomvi wa kamisheni mtanikumbuka.

Na majibu ya haraka yapo, unaandika mara moja yale maswali yenu, saiti iko wapi, unataka kwa pisi au kwa tani, lini, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) itoke kwa jina gani, afu unayaita kwa alama ya mkwaju na neno fupi. Mteja anajibu vyote kwa mkupuo badala ya kuulizana kitu kimojakimoja mpaka jioni.

---

BintiGerezani

Wakuu asanteni, nimesoma yote nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

La namba nimelielewa na la mhuri limenichekesha maana mhuri wetu sasa hivi umefungwa kamba kwenye mguu wa meza, kila mtu anagonga. Ndo maana yule mama alikuja na mihuri miwili halali kabisa.

Ila nina maswali mawili bado. La kwanza, tuseme daftari lingekuwepo siku ile. Asubuhi imeandikwa fundi fulani, pisi 280. Mchana inaandikwa mama fulani, tani tatu. Majina tofauti, simu tofauti, hata kipimo tofauti. Ningejuaje ni mzigo mmoja? Daftari lingeniambia nina wateja wawili wazuri, ningefurahi.

La pili kamisheni. Hapa kwetu aliyeleta mteja ndo wake. Nikisema mwenye zamu agawe, huyu mwenye mafundi wake wa miaka kumi atasema namnyang'anya. Na sijui niseme nini kuhusu cha juu, maana mafundi ndo wanaoleta nusu ya mauzo, ukiwakatalia wanahama mtaa mzima.

---

mzee_wa_godauni

Cha juu usikiguse hapa dada, utafunga duka.

---

Shangazi_wa_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nimekuwa nasoma tu lakini hili la saiti moja wateja wawili limenitoa kimya maana sisi hadwea yetu lilitupiga vilevile, na huku pia mafundi ni walewale, mabuda wa kujenga wako ng'ambo wanatuma pesa, fundi ni wake, mke ni wake, na ndugu yake naye anapita kuuliza bei kimyakimya ahakikishe.

Acheni kupanga kwa jina la mtu. Pangeni kwa saiti. Nyumba haina mbili. Fundi atabadilika, mwenye nyumba ataongea kupitia watu watatu, lakini plot iko pale pale. Sisi swali la kwanza kabla ya lolote ni "mzigo washuka wapi?" na hatutosheki na jina la mtaa, twataka pini ya ramani kwenye WhatsApp au alama, nyuma ya msikiti fulani, mkabala na shule fulani. Mwanzo walalamika, ah kwani bei yategemea nyumba? Unamwambia ndio, kuna usafiri. Na ni kweli, hata hujamdanganya.

Kisha anayeandika hubadilisha kipimo papo hapo. Akiambiwa pisi, aandika na uzito kando. Akiambiwa tani, aandika na pisi. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 ni kilo kama 10.7, ya 16 ni kilo 19 hivi, ya 10 ni kilo 7.4, tumebandika ukutani karibu na simu hata mgeni aweza. Sasa shiti yenu mwaipanga kwa safu ya saiti, Kibada na Kibada zakaa pamoja, 280 na tani tatu ikishaandikwa 280 zatazamana. Kipofu ataona.

Mkiona zimegongana hapo msitoe bei ya pili. Mwenye ombi la kwanza apigiwe kwanza. Kuhusu cha juu nami sitajifanya malaika. Sisi tuliamua profoma yenye jina la mwenye nyumba ina bei moja, ya duka. Fundi akituletea kazi twampa shukrani yake kutoka kwenye faida yetu, mzigo ukishalipwa, haiandikwi kwenye karatasi ya mtu. Ni ndogo kuliko alivyozoea. Wengine walituhama, nasema kweli, miezi ya mwanzo tulihisi. Baadhi walirudi wenyewe baada ya kufumaniwa kwingine.

Kamisheni, mwenye wateja wake wa miaka kumi mwachie. Mwenye zamu agawe zile zisizo na mwenyewe. Lakini hata zenye mwenyewe zina saa. Ombi likikaa siku mbili bila bei na bila sababu iliyoandikwa, larudi kwenye meza na yeyote aweza kulichukua. Hapo hata yule wa miaka kumi huamka.

---

QS_wa_vumbi

Shangazi umemaliza. Naongezea punje tu, kwenye profoma wekeni mwisho wa bei, siku saba au hata tatu, bei ya nondo kiwandani ikiruka mtu asije na karatasi ya mwezi wa pili akitaka mheshimu. Na mkitoa ya pili iandikwe inafuta ile ya kwanza namba fulani, ndo faida nyingine ya namba.

---

fundi_mkweli

Mnaongelea cha juu kama wizi. Mi nakwenda duka tatu kulinganisha bei kwa nauli yangu, nahesabu nondo usiku zisiibiwe saiti, mwenye nyumba ananipa hela ya ufundi tu na bado anapunguza. Hiyo buku jero ndo nauli. Mkitaka tuache tulipwe vizuri. Ila huyo wa Kibada alizidisha, pisi 280 zote buku jero hapana.

---

BintiGerezani

Nimerudi, wiki tatu zimepita, naona kuna watu wameniuliza inbox imekuwaje.

Jumatatu ile nilimwambia bosi vitu viwili tu, namba na saiti, nikaogopa kuongeza. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, nadhani yule mama alimuuma. Mhuri tumeukata kamba, unakaa kwa mhasibu. Siku ya kwanza jamaa mmoja akagongesha ugomvi mlangoni kwake nusu saa, mteja wake akachoka akaja mwenyewe kwenye daftari akajiandika kwa mkono wake, namba 4, saiti Mbagala Rangi Tatu, mpaka na kipimo. Yule mteja natamani kumwajiri.

Laini ya kampuni tumeshachukua. Hapa ndo kugumu. Vijana wanakubali kwa mdomo ila meseji bado zinaingia kwenye simu zao, na siwezi kumnyang'anya mtu simu. Nilichofanya, kamisheni inahesabiwa kwa namba ya daftari tu, kisichokuwa na namba hakina kamisheni hata kama umeuza ghorofa. Wameanza kuzihamisha wenyewe, mmoja kaja Jumamosi na vikaratasi kumi na moja kutoka kwenye pochi, vingine vya mwezi uliopita, anaomba vyote vipewe namba. Nikavipa, kimoja mwenye nacho alipopigiwa akasema bado hajanunua alikuwa anatusubiri. Mwezi mzima alikuwa anatusubiri! Kachukua mabati.

Safu ya saiti imeshaotea mbili, moja Kinyerezi na moja Chanika, zote fundi na mwenye nyumba. Ya Kinyerezi tuliimaliza vizuri. Ya Chanika tulipompigia fundi kumwambia mwenye nyumba wako naye kauliza, akakata simu, hajapokea tena.

Cha juu bosi kagoma kuamua. Kasema "tuangalie kwanza". Kwahiyo profoma za mafundi bado zinatoka na cha juu ndani, ila sasa tunajua zipo na mimi nakataa kugawa kabla sijaona jina la mwenye nyumba, yule mwenzetu mwenye mafundi wake wa miaka kumi hasemi na mimi tangu Jumatano.

Na yule mama nilimpigia. Nilikaa na simu mkononi muda, nikampigia, nikamwomba radhi nikamwambia tumebadilisha utaratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema nondo alishanunua Tegeta, ila nyumba imefika lenta na paa bado, nimtumie bei ya mabati ya geji 28. Nimemwandika namba 112, saiti Kibada. Anauliza kama bei ni pamoja na VAT.

---

mzee_wa_godauni

Mpe ya kwake peke yake safari hii.